Sonona Katika Foleni ya Zahanati

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, kilichoandikwa na John Colin Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938 hadi 1950. Ndani ya kitabu hicho alidai kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayomlemea mtu kwa majuma na miezi huku ikimwondolea hamu ya mambo yote, ni nadra mno kwa Waafrika. Hoja yake ilitegemea kwa sehemu kubwa daftari la waliolazwa: katika wodi za Mathari hakuwakuta wagonjwa wengi wa aina hiyo, naye akahitimisha kwamba hawako. Jambo lililomponyoka lingeweza kuelezwa na muuguzi yeyote aliyewahi kufanya kazi kijijini. Waliokuwa wakipelekwa Mathari enzi hizo ni wale waliosumbua majirani, waliopiga kelele barabarani au waliokamatwa na polisi, ilhali mtu mwenye sonona hasumbui mtu. Hukaa kimya nyumbani, hulala ameelekea ukutani, huacha kwenda shamba, na hakuna askari anayetumwa kumchukua.

Dai hilo lilivunjwa na watu waliotoka nje ya kuta za hospitali. Margaret Field, aliyefanya utafiti wake kwenye sehemu za matambiko nchini Ghana na kuchapisha matokeo mwaka 1960, alieleza kwamba wanawake wengi waliokuja kwa miguu yao kukiri kuwa wao ni wachawi waliowadhuru watoto wao wenyewe walikuwa wagonjwa wa sonona, kwani kujitwisha hatia isiyo na msingi ni mojawapo ya dalili zake kubwa. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha uchunguzi walioufanya katika vijiji viwili vya Uganda, nyumba kwa nyumba, na wakakuta kwamba sonona ilikuwa ya kawaida zaidi huko kuliko kwa wanawake wa kusini-mashariki mwa London waliolinganishwa nao. Pamoja na ushahidi huo, mabaki ya fikra ya Carothers bado yanasikika barazani, ofisini na hata ndani ya vyumba vya madaktari, pale inaposemwa kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu, au ya watu wenye nafasi ya kukaa na kuwaza, na kwamba mtu anayelima, anayechuuza na anayelea watoto hana muda wa kuugua namna hiyo. Fikra hiyo inawagharimu watu maisha yao. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa na sonona, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya robo tatu ya wenye matatizo ya akili hawapati matibabu yoyote.

Wengi wa hao wasiotibiwa si kwamba hawaendi kutafuta tiba. Wanakwenda, tena mara nyingi, isipokuwa wanafika na malalamiko ya mwili. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu hupanga foleni asubuhi akiwa na daftari lake la matibabu, na zamu yake ikifika humweleza tabibu kwamba kichwa ni kizito, kifua kinambana, moyo unamwenda mbio, mwili unawaka moto ingawa kipimajoto hakionyeshi homa, au kwamba kuna kitu kinamtambaa kichwani. Kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha hana. Mkojo unapimwa na haukutwi na kitu. Anaandikiwa dawa ya maumivu na pengine antibiotiki, anaondoka, na baada ya majuma mawili yuko tena kwenye benchi lile lile. Daftari la mgonjwa wa namna hiyo, mtu akilifungua, huwa na kurasa kadhaa zenye miandiko tofauti, kila ukurasa ukiwa na kipimo kingine na dawa nyingine, na hakuna hata mmoja ulioandikwa jibu la swali jepesi kabisa: je, unalala? Ukweli ni kwamba mgonjwa huyo hadanganyi, na maumivu yake si ya kujitungia. Ubongo unaopokea huzuni ndio huo huo unaoongoza usingizi, hamu ya chakula, mapigo ya moyo na kiwango cha maumivu ambacho mtu anaweza kukistahimili, na sonona ikiingia huvuruga vyote kwa pamoja.

Wataalamu huitambua sonona kwa dalili tisa zinazojulikana, na humhesabia mtu ugonjwa huo akiwa na zisizopungua tano kati ya hizo, karibu kila siku, kwa muda wa majuma mawili au zaidi, huku shughuli zake za kawaida zikiwa zimeharibika. Mbili ni dalili mama, na mojawapo lazima iwepo: ya kwanza ni huzuni au hali ya kujihisi mtupu inayodumu sehemu kubwa ya siku, na ya pili ni kupoteza hamu na furaha katika mambo yaliyokuwa yakimpendeza mtu, iwe ni mpira, kwaya, kupika, ibada au tendo la ndoa. Zilizobaki ni kubadilika kwa hamu ya chakula na uzito. Kukosa usingizi, hasa kuamka saa tisa usiku na kutoweza kulala tena, au kinyume chake kulala kupita kiasi. Uchovu usioondolewa na mapumziko. Mwili kuwa mzito na mwendo kupungua, au kuhangaika bila kutulia. Kujiona hufai na kujilaumu. Kushindwa kukaza fikra au kuamua jambo dogo. Na mwisho, mawazo ya kifo. Kwa watoto na vijana huzuni hiyo mara nyingi hujitokeza kama hasira na ukaidi, na kwa wanaume wengi hufunikwa na pombe, ugomvi nyumbani na kazi isiyo na kikomo, jambo linalochangia kuwafanya waonekane wachache katika takwimu kuliko walivyo.

Hapa panahitajika uangalifu, kwa sababu si kila huzuni ni sonona. Mtu aliyefiwa hulia, hukosa usingizi na hapati ladha ya chakula, lakini uchungu wake aghalabu huja kwa mawimbi. Anapokumbushwa jambo zuri alilolifanya marehemu anaweza hata kutabasamu, na hadhi yake machoni pake mwenyewe haijaporomoka. Mwenye sonona hana vipindi vya namna hiyo, au anavyo vichache mno, na moyoni mwake amekwisha kujihukumu kwamba yeye ndiye mzigo. Msongo wa mawazo nao, unaoletwa na deni, mtihani au kesi ya shamba, hupungua sababu yake ikiondoka, ilhali sonona ikishaota mizizi huendelea hata deni likilipwa. Hata hivyo msongo wa muda mrefu, na msiba usiopata faraja, vinaweza kugeuka kuwa sonona, na ndiyo maana, majuma mawili yakipita, watu wasisubiri mwaka mzima wakidhani hali itapita yenyewe.

Kuhusu chanzo chake, hakuna sababu moja inayotosha. Urithi una sehemu yake, kwa maana kwamba mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa damu amewahi kuugua yumo katika hatari kubwa zaidi, lakini urithi peke yake hauamui. George Brown na Tirril Harris, waliochunguza wanawake wa Camberwell, kusini mwa London, na kuchapisha kitabu chao mwaka 1978, walionyesha kwamba tukio zito kama kufiwa, kuachwa au kufukuzwa nyumbani huzaa sonona kwa urahisi zaidi pale mwanamke anapokuwa na watoto wadogo watatu au zaidi, hana kazi nje ya nyumba, alifiwa na mama yake angali mdogo, na, lililo kubwa kuliko yote, hana mtu wa karibu wa kumweleza siri zake. Orodha hiyo, ingawa ilipatikana Uingereza, inawahusu mno wanawake wa Mwanza, Kisumu na Bukavu, na inastahili kukumbukwa kila mara inaposemwa kwamba sonona ni udhaifu wa mtu binafsi. Zipo pia njia za mwili: upungufu wa damu, kasoro ya tezi ya shingoni, kisukari, kiharusi, kifua kikuu na Virusi vya UKIMWI vyote huambatana na sonona, na baadhi ya dawa, mfano efavirenzi iliyotumiwa kwa miaka mingi na wenye virusi hivyo, zilijulikana kuleta ndoto za kutisha na kubadili hali ya moyo kwa baadhi ya watumiaji. Kwa hiyo tabibu makini hupima kwanza, akihakikisha kwamba hatibu huzuni mahali panapotakiwa kutibiwa tezi au damu.

Ugonjwa huu una sura kadhaa, na kuzitenganisha kuna faida kubwa kwa sababu matibabu hutofautiana. Ipo sonona ya kipindi, ambayo huanza, hufikia kilele na kuisha, nayo hugawanywa kuwa nyepesi, ya kati na kali kwa kutazama ni kwa kiasi gani mtu ameshindwa kufanya kazi zake. Ipo sonona ya muda mrefu, isiyo kali sana lakini inayodumu kwa miaka miwili au zaidi, kiasi kwamba watu wa nyumbani hudhani huyo ndivyo alivyoumbwa, mtu wa kununa. Ipo sonona yenye saikosisi, yaani iliyofika mahali ambapo mgonjwa husikia sauti au huamini mambo yasiyokuwepo, kwa mfano kwamba viungo vyake vya ndani vimeoza au kwamba amewaletea laana ukoo mzima, na hiyo huhitaji hospitali bila kuchelewa. Wale waliohamia nchi za kaskazini ya mbali, wakiwemo wasemaji wa Kiswahili walioko Norway, Sweden au Canada, wanaweza pia kukutana na aina inayokuja na majira ya baridi, mwanga wa jua unapopungua kwa miezi, na kuondoka majira ya joto yanaporudi.

Aina nyingine ni ya bipola, ugonjwa ambao ndani yake vipindi vya sonona hupishana na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, mtu akilala saa mbili au tatu tu bila kuchoka, akiongea mfululizo, akitapanya fedha na kuanzisha mipango mikubwa asiyoweza kuimaliza. Familia huusherehekea mchangamko huo kwa kudhani mgonjwa amepona, na tabibu asipouliza habari zake anaweza kumpa dawa ya sonona peke yake, dawa ambayo kwa mgonjwa wa bipola inaweza kumrusha moja kwa moja katika mchangamko hatari. Kwake yeye msingi wa tiba ni dawa za kutuliza mabadiliko ya hisia, kama vile lithiamu, ambayo faida yake ilionyeshwa na John Cade nchini Australia mwaka 1949 na ambayo hadi leo huhitaji kupimwa damu mara kwa mara ili kiwango chake kisizidi.

Sonona ya uzazi inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu inawagusa wawili kwa wakati mmoja. Wanawake wengi hulialia na kuyumba kihisia siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua, homoni zinaposhuka ghafla, na hali hiyo huisha yenyewe ndani ya siku chache. Sonona ya uzazi haiishi hivyo, na inaweza kuanza hata kabla mtoto hajazaliwa. Mama hunyonyesha kwa sababu mtoto analia, lakini hajisikii chochote moyoni, na kwa kuwa jamii yote inamtarajia awe na furaha, huona aibu kutamka neno hilo, akaanza kuamini kwamba yeye ni mama mbaya. Katika miaka ya 1970 John Cox, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uingereza aliyekuwa akifanya kazi Makerere, aliwachunguza wajawazito na waliojifungua katika kituo cha afya cha Kasangati, karibu na Kampala, akakuta sonona ya uzazi kwa viwango vilivyokaribiana na alivyokuja kuvikuta baadaye Scotland. Mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa hojaji ya maswali kumi inayojulikana kwa jina la Edinburgh, inayokwepa kutegemea uchovu na maumivu ya mwili, kwa kuwa kila mama aliyejifungua juzi amechoka, na badala yake huuliza kama anaweza kucheka, kama anatazamia mambo kwa furaha, na kama amewahi kuwaza kujidhuru. Hojaji hiyo leo hutumika duniani kote, na inaweza kujazwa kliniki wakati mtoto anapopimwa uzito. Mila ya arobaini, inayofuatwa pwani na kwingineko, humpa mzazi watu wa kumpikia, kumkanda na kumbebea mtoto, nayo ni hazina inayofaa kulindwa, lakini sonona nyingine hujitokeza baada ya arobaini kwisha, wakati mama mkwe na mashangazi wamekwisha kurudi kwao na mume ameshazoea kudhani kwamba kazi ya kumtunza mkewe imekamilika. Ziara ya chanjo katika miezi inayofuata ndiyo nafasi nzuri ya kumwuliza mama huyo hali yake, na si hali ya mtoto pekee.

Imani ya dini imetajwa mara nyingi katika suala hili, wakati mwingine kwa namna inayomwumiza mgonjwa, pale anapoambiwa kwamba angekuwa na imani ya kutosha asingesononeka. Maandiko na elimu ya dini zenyewe haziungi mkono kauli hiyo. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, nabii Eliya anaketi chini ya mretemu akiomba afe, naye haletewi karipio kwanza. Analetewa mkate na maji na kuachwa alale. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni Mwislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya manufaa ya miili na nafsi ambamo alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu inayoonekana, akaihusisha hiyo ya pili na hali ya mwili, na akashauri watu waitunze nafsi kwa uangalifu ule ule wanaoutumia kwa mwili. Dua, kisomo na maombi humfariji mgonjwa na kumkumbusha kwamba hayuko peke yake, na sheikh au mchungaji ambaye baada ya kuomba naye humwambia aende pia kituo cha afya anakuwa amemsaidia mara mbili. Lisilofaa ni kumzuia mgonjwa dawa, kumfunga kamba au kumshindisha njaa kwa jina la kumtoa pepo.

Msaada wenyewe unaanzia mahali pa kawaida kuliko watu wanavyodhani. Tabibu au muuguzi anaweza kuanza kwa maswali mawili, yaani kama katika majuma mawili yaliyopita mgonjwa amekuwa na huzuni au kukata tamaa, na kama amepoteza hamu ya kufanya mambo, na akijibiwa ndiyo anaendelea na hojaji ya maswali tisa ambayo tafsiri yake ya Kiswahili imekwisha kujaribiwa magharibi mwa Kenya. Kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla haizidi 27, na kuanzia alama 10 mgonjwa huhesabiwa kuwa anahitaji uchunguzi kamili. Hojaji hiyo huchukua dakika chache, haihitaji maabara, na inaweza kurudiwa baada ya mwezi ili kuona kama matibabu yanafaa. Panapohitajika mtaalamu, zipo hospitali za wilaya na mikoa, na juu yake Muhimbili na Mirembe nchini Tanzania, Kidongo Chekundu kwa Zanzibar, Mathari na Eldoret kwa Kenya, Butabika kwa Uganda, Ndera kwa Rwanda na Kamenge kwa Burundi. Majina hayo huwatia watu hofu kwa sababu ya historia, lakini mgonjwa wa sonona kwa kawaida hutibiwa akitokea nyumbani.

Swali linalobaki ni nani atakayezungumza na wagonjwa wote hao, maana madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache mno katika ukanda huu. Majibu bora zaidi yametoka Afrika yenyewe. Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, zilizokuwa zimepigwa vibaya na UKIMWI, Paul Bolton na wenzake waliendesha jaribio katika vijiji 30, ambapo wenyeji wasio wataalamu walifundishwa kwa majuma mawili kuongoza vikundi, vya wanawake peke yao na vya wanaume peke yao. Kila kikundi kilikutana mara moja kwa juma, kwa dakika 90, kwa majuma 16, na mazungumzo yalielekezwa kwenye mambo matatu yanayofungua mlango wa sonona, yaani kufiwa, ugomvi na watu wa karibu, na mabadiliko makubwa ya maisha kama vile kuolewa, kuugua au kuhama. Mwisho wa jaribio asilimia 6.5 tu ya waliohudhuria vikundi walikuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 54.7 katika vijiji visivyopata vikundi hivyo. Dawa haikuhusika hapo, wala majengo, wala vyeti vya chuo kikuu.

Mjini Harare, Zimbabwe, Dakt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 akiwa na wanawake 14 wa makamo na wazee, wahudumu wa afya wa mtaa wa Mbare, baada ya kuhuzunishwa na kifo cha mgonjwa wake aliyejiua kwa kuwa hakuwa na nauli ya kurudi hospitalini. Chumba hakikupatikana, hivyo mabibi hao wakawekewa benchi la mbao uwanjani mwa kituo cha afya. Anayeketi hapo huulizwa kwanza maswali yaliyotungwa kwa Kishona, na moja la kutambua tatizo ni kama amekuwa akiwaza kupita kiasi. Kisha hueleza shida zake zote, naye bibi husikiliza bila kukatiza. Baada ya hapo mgonjwa mwenyewe huchagua shida moja, na kwa pamoja hutafuta hatua ndogo inayoweza kuchukuliwa kabla ya kukutana tena: kwenda kumwona mwenye nyumba kuomba kulipa kodi kwa awamu, kumpigia simu dada waliyekosana, au kupeleka barua shuleni. Vikao huwa sita. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 573 kutoka vituo 24, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 13.7 ya walioketi na mabibi, dhidi ya asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umekwisha kufika Zanzibar. Kinachoupa nguvu ni utaratibu wake, kwa sababu ushauri wa haraka wa kumwambia mgonjwa ajikaze, awashukuru walio hai, au asiwaze sana, haumpi hatua yoyote ya kuchukua kesho asubuhi.

Kwa sonona ya kati na iliyo kali, dawa huongezwa kwenye mazungumzo au hutumiwa peke yake. Mbili zinazojulikana zaidi, amitriptilini na fluoksetini, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na bei yake si kubwa. Kinachowashinda wengi ni majuma ya mwanzo. Madhara madogo ya dawa hutangulia faida yake: amitriptilini hukausha kinywa, huleta usingizi na kufunga choo, ndiyo maana humezwa usiku, na fluoksetini huleta kichefuchefu na wasiwasi wa siku chache, ilhali nafuu ya moyo huanza kuonekana baada ya majuma mawili hadi manne. Mgonjwa asiyeelezwa jambo hilo huacha dawa siku ya tano akiamini kwamba imemzidishia ugonjwa. Nafuu ikija napo si mwisho, kwani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hutaka dawa iendelee kwa miezi kadhaa baada ya kupona, kisha ipunguzwe kidogo kidogo kwa usimamizi wa tabibu. Dawa hizi hazimfanyi mtu kuwa teja, tofauti na diazepamu na nyinginezo za usingizi ambazo watu hujinunulia madukani na kuzimeza kwa miezi, wakipata usingizi bila sonona yenyewe kuguswa. Vijana wanaoanza dawa hufuatiliwa kwa karibu zaidi katika majuma ya kwanza, na amitriptilini, ambayo ni hatari kwa moyo ikizidishwa, hutunzwa na mtu mwingine wa nyumbani kama mgonjwa amewahi kutaja kifo.

Kuhusu kifo hicho lazima pasemwe wazi. Kumwuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Utafiti umeonyesha hivyo mara nyingi, na wagonjwa wengi hueleza kwamba swali hilo liliwaletea ahueni kwa sababu mtu alithubutu kulitamka. Akijibu kwamba anawaza, haachwi peke yake siku hiyo wala usiku huo, sumu za wadudu na dawa nyingi huondolewa ndani ya nyumba, na anasindikizwa hadi kituo cha afya au hospitali. Nchini Kenya mtu anaweza kupiga bure namba 1199 ya Msalaba Mwekundu, na kwa watoto ipo 116 nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Tatizo moja kubwa limekuwa sheria, kwani kanuni za adhabu zilizorithiwa kwa Waingereza zilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ya Kenya, mwezi Januari 2025, ilitamka kwamba kifungu cha 226 kinachohusu kosa hilo kinakwenda kinyume na Katiba. Nchini Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kiliandikwa kwa shabaha ile ile. Familia inayoogopa polisi humficha aliyenusurika, humtibu majeraha nyumbani na kutoa maelezo ya uongo hospitalini, na kwa njia hiyo mtu aliye katika hatari kubwa kuliko wote ndiye anayeikosa huduma. Sheria ya namna hiyo haina wa kumwokoa, na kuifuta ni sehemu ya matibabu.

Nyumbani, yanayosaidia ni mambo madogo yanayofanywa bila kuchoka: kumwamsha mgonjwa kwa saa ile ile, kutembea naye nusu saa kabla jua halijawa kali, kula naye badala ya kumwachia chakula kimefunikwa, kumpa kazi moja anayoweza kuimaliza, kuiweka pombe mbali, na kumkumbusha siku ya kliniki. Mgonjwa hutakiwa asifanye maamuzi makubwa, kama kuacha kazi, kuuza kiwanja au kuvunja ndoa, hadi akili itakapotulia. Inafaa pia ieleweke mapema kwamba karibu nusu ya waliougua mara moja huweza kuugua tena, na dalili za kurudi kwa ugonjwa aghalabu hufanana na zile za mara ya kwanza, usingizi ukiwa miongoni mwa vinavyotangulia kuharibika. Aliyepona na wanaoishi naye wakizijua dalili hizo kwa majina, huweza kurudi kliniki katika juma la kwanza badala ya mwezi wa tano, na kwa kuwa tabibu kwa kawaida huanza na tiba iliyofaa mwanzo, jina la dawa, kipimo chake na tarehe ilipoachwa ni vya kuandikwa na kutunzwa pamoja na kadi za chanjo na vyeti vya kuzaliwa.